Vitamini A katika Damu na Hatari ya Saratani: Kipimo Kinatuambia Nini?



Mwaka 1980 Nicholas Wald na wenzake wa Uingereza walichapisha katika jarida la Lancet matokeo yaliyowapa wengi matumaini. Walikuwa wamehifadhi damu ya wanaume wapatao 16,000 waliofika London kupimwa afya. Baadhi yao walipougua saratani baadaye, damu ile ya zamani ilipimwa, ikaonekana ina retino, yaani vitamini A yenyewe, kidogo kuliko ya wenzao waliobaki wazima. Hitimisho lilikuwa karibu mno: ongeza vitamini A, punguza saratani.

Mwaka 1986 Wald huyohuyo alirudi na takwimu zaidi. Upungufu ule ulikuwa hasa kwa wale waliogunduliwa kuwa na saratani muda mfupi baada ya kutoa damu. Uvimbe ulikuwa umekwisha kuanza, nao ndio ulioshusha retino. Tulidhani tumeona chanzo, kumbe tumeona dalili.

Ini ndilo ghala la vitamini A. Hutoa retino kwa kipimo, ikiwa imebebwa na protini maalumu, na kukiweka kiwango cha damu karibu palepale. Mlaji wa maini na asiyeyagusa wanaweza kuwa na majibu yanayofanana. Kiwango hushuka akiba inapokaribia kwisha, na pia mtu akiwa na maambukizi au maradhi ya ini. Beta-karotini, ile rangi ya karoti, maembe na mawese ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, haina ulinzi huo: hufuata sahani ya mlaji. Tena wavutaji sigara huwa nayo kidogo. Kwa hiyo anayepima beta-karotini kwa sehemu kubwa anapima maisha ya mtu: anakula nini, anavuta au havuti.

Hapa ndipo Finland inapotufundisha. Kuanzia 1985, wanaume 29,133 wavutaji sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Wale ambao mwanzoni damu yao ilikuwa na beta-karotini nyingi kutokana na chakula ndio waliopata saratani ya mapafu kwa uchache. Mpaka hapo nadharia ilisimama. Lakini matokeo ya 1994 yalionyesha kuwa waliomeza vidonge walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi: wagonjwa 474 dhidi ya 402. Damu yao ilijaa beta-karotini, na mapafu hayakupona kwa hilo.

Wapo waliosema ni bahati mbaya tu. Marekani ikawajibu. Huko wavutaji, waliokuwa wavutaji na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, jumla yao 18,314, walikuwa kwenye jaribio jingine, nusu wakipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 vidonge vilisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati: saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Katika jaribio la tatu, la madaktari wa kiume wa Marekani, wengi wao wasiovuta, beta-karotini haikudhuru wala kusaidia.

Nina wasiwasi na chupa za virutubisho zinazouzwa mijini kwa ahadi ya kuzuia saratani, hasa zikinunuliwa na mtu mwenye pakiti ya sigara mfukoni.

Ila mtu asitoke hapa akawatishe akina mama. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 hayakuwekwa kwa ajili ya saratani. Yanalinda macho na uhai wa mtoto mwenye upungufu. Hoja yake ni nyingine kabisa, na ushahidi wake ni mwingine. Mjamzito naye ana kanuni yake, maana retino nyingi yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa wenzetu wa maabara nina ombi moja. Retino chini ya mikromoli 0.70 kwa lita huhesabiwa kuwa upungufu. Jibu la namna hiyo lisitoke peke yake. Liambatane na kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda mtu akiwa na maambukizi, ili daktari ajue kama mgonjwa amepungukiwa kweli au ana homa na maambukizi tu.