Ngitili Zetu Ziandikwe



Sisi watu wa Shinyanga twaambiwa mara nyingi kwamba Msukuma hajui kitu ila ng'ombe, na kwamba ng'ombe hao ndio walioimaliza nchi. Maneno haya hatuyakubali. Ng'ombe asiye na majani hufa, na mwenyewe hulijua jambo hilo kabla ya Bwana Shamba.

Ndiyo sababu wazee waliweka ngitili. Mvua zikianza, sehemu ya malisho hufungwa, nyasi na miti ikaachwa ikue. Kiangazi kikikaza hufunguliwa kidogo kidogo, na wanaotangulia kuingia ni ndama, maksai wa kulimia, na ng'ombe wagonjwa au wakongwe. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati aliitwa mbele ya dagashida akalipa. Humo humo akina mama hupata kuni na nyasi za kuezekea, na waganga hupata dawa.

Basi ni nani aliyeiharibu nchi? Serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ili kuua mbung'o. Pamba nayo ikataka mashamba. Na tuseme kweli hata kama yatuuma: miaka ya 1970 tulipohamishiwa vijijini na Serikali yetu wenyewe, wengi tuliziacha ngitili mbali. Ngitili isiyo na mtu karibu haina mlinzi. Ilipofika 1986, zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu.

Mwaka huo ilianzishwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni wataalamu walileta miche ya kupanda. Baadaye wakawasikiliza wazee, nchi ikafungwa kwa desturi ile ile, sungusungu wakailinda, na visiki vikachipua vyenyewe. Kufika 2004 ngitili zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Sasa miti imerudi, na macho ya wenye fedha yamerudi pamoja nayo. Ngitili ya kijiji isiyoandikwa popote ni rahisi kugeuzwa shamba la mtu mmoja, tena kwa maneno matamu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya wote na kuiandikisha. Twawataka viongozi wetu, kabla mvua hazijaanza, wapite mipaka ya kila ngitili kwa miguu pamoja na wazee, na pamoja na akina mama, maana wao ndio waendao kuni. Kisha iandikwe katika daftari la kijiji na kusomwa kwa sauti mbele ya mkutano mkuu.