Kushindana kwa Maneno Pasipo Kuvunjiana Heshima



Nimepewa neno la kunena juu ya heshima kati ya watu wasiopatana katika mambo ya siasa. Nami naanza kwa kukataa jambo moja. Wako wasemao ya kuwa mwenye heshima hunyamaza, wala habishani na wakubwa. Hiyo si heshima, ni woga uliovikwa kanzu. Mtu anyamazaye barazani huenda kunena vichochoroni, na maneno ya vichochoroni hayapati wa kuyajibu.

Tazameni habari ya Tabora, Januari 1958. Chama cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilikutana huko kwa shauri zito. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeagiza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, wala asipige kura ila mwenye elimu, au mapato, au cheo kilichotajwa. Waafrika walikuwa wengi mno kuliko hao wengine, nao wakatengewa theluthi moja tu ya viti vya kuchaguliwa. Wajumbe wengi waliona kuwa ni tusi, wakataka kuususia uchaguzi ule. Walikuwa na haki ya kukasirika. Mwalimu Julius Nyerere aliuona ubaya huo huo, bali alishika neno lake kwamba wakisusa, viti vitatwaliwa na chama cha UTP, kilichopendelewa na Gavana, nao TANU watabaki nje mlangoni. Wakashindana sana kwa hoja, hata mwisho walio wengi wakakubali kuingia. Shauri lile laitwa mpaka leo Uamuzi wa Busara. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 TANU ikashinda, pamoja na Wazungu na Waasia iliowaunga mkono.

Hayo twayafundisha shuleni. Lakini yuko mtu ambaye aghalabu twampita mbio, naye ni Zuberi Mtemvu. Yeye hakuridhika. Akatoka, akaunda chama chake, African National Congress, akitaka Afrika iwe ya Waafrika peke yao. Mimi naona shauri lake halikuwa jema, kwa maana mtu hapimwi kwa rangi yake. Hata hivyo angalieni alivyotenda: alisema la yake hadharani, kwa jina lake mwenyewe, akaziomba kura za watu. Mwaka 1962 aligombea urais akishindana na Nyerere, akapata kura 21,000 hivi, na mwenzake zaidi ya 1,100,000. Baadaye akarudi TANU. Kushindwa kwa namna ile si aibu kwa mtu. Nasikitikia zaidi yaliyofuata, kwamba mwaka 1965 katiba ikaruhusu chama kimoja tu, na mwenye la yake hakuwa tena na mahali pa kuisemea kwa chama chake.

Kwa hiyo yanipendeza sana yale ya 1991. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliwauliza watu, ikaona kwamba katika kila watu 100, kama 80 walitaka chama kimoja kidumu. Nayo ikashauri vyama vingi viruhusiwe! Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wale 20 walisikilizwa, ingawa waliwekwa mizanini wakaonekana wepesi.

Sasa twende ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu wa Kenya. Katika Bonde la Ufa, tangu machafuko ya miaka ya 1990, wako waliowaita jirani zao wa kabila jingine “madoadoa”. Ni neno dogo, la kuchekesha hata. Lakini doa hutakiwa kufutwa, sivyo? Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa moto, na ndani yake walikuwamo wanawake na watoto waliokimbilia humo. Sisemi neno lile peke yake liliwasha moto; palikuwa na ugomvi wa ardhi na wa kura. Nasema kwamba aliyekwisha kuitwa doa ni rahisi kumtenda kama doa.

Wengine hujitetea wakisema, “Mbona hayo ni utani tu?” La. Utani twaujua. Mtani wako ni mtani kwa urithi, nawe una ruhusa ya kumrudishia. Na siku ya msiba yeye ndiye ajaye kukuchekesha, akafanya na kazi pamoja nanyi. Atukanaye jukwaani, kisha asifike matangani kwa sababu marehemu alikuwa wa chama kingine, huyo si mtani wa mtu.

Enyi waalimu, nawapa zoezi moja la darasani. Watoto wakibishana, asiruhusiwe mmoja kujibu kabla hajaieleza kwanza hoja ya mwenziwe, hata mwenziwe aseme, “Ndivyo nilivyonena.” Mwanzoni watacheka, na saa itapita bure. Wengi watajikuta hawakusikia neno hata moja, maana walikuwa wakitengeneza jibu. Wakikwisha kuzoea, walijaribu na wazee katika baraza la kanisa.