Kompyuta ya Kijana Anayejifunza Programu



Mzazi aliyeuza karafuu zake akakusudia kumnunulia mwanawe kompyuta ya mapajani asidanganywe na wembamba wala mng'ao. Kujifunza Python, lugha ya programu iliyotolewa bure tangu mwaka 1991, hakuhitaji mashine ya fahari. Iliyokwisha kutumika, ya kilo moja na nusu hivi, yatosha. Ila kumbukumbu isipungue gigabaiti 8, na hifadhi iwe ya SSD, isiyo na sahani inayozunguka, kwani hustahimili mitikiso ya gari la Wete hadi Chake Chake.

Linalopuuzwa mno ni betri. Waya wa baharini ulileta umeme Pemba kutoka Tanga mwaka 2010, lakini umeme ukikatika somo nalo hukatika. Basi chaja ichomolewe, mashine ifanye kazi saa nzima mbele ya mnunuzi kabla fedha hazijatoka mkononi. Vitufe navyo vibonyezwe kimoja kimoja.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 2025. Mashine isiyopokea toleo la 11 huwekewa Linux, isiyolipiwa.

Katibu anunuaye kwa fedha za chama adai stakabadhi yenye namba ya mashine, aiingize katika daftari la mali siku hiyo hiyo.