Likelemba ya vitabu: namna tunavyotaka biblioteki za shule zitembee katika Fizi

Maneno ya komite yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Leo hatukuja mbele yenu kuomba vitabu. Tunajua hilo litawashangaza wengine, juu mara nyingi chama kikisimama kusema habari za shule, mwisho wa maneno ni kuomba katoni. Tunakuja kuomba jambo lingine: mkutano ukubali namna moja ya kuvitumia vitabu, na ukubali ni nani atabeba hasara vikichakaa. Hilo la pili ndilo zito. Tutalifikia.

Kwanza tukumbushane tunatoka wapi. Wengi wetu tulivuka ziwa wakati wa vita ya mwaka 1996. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka ule, Lugufu ikafuata mwaka 1997. Meli za kurudisha watu toka Kigoma mpaka hapa Baraka zilianza mwezi wa 10 mwaka 2005, na Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Wengine kati yetu walirudi toka Burundi. Wale waliokuwa kambi za Kavumu na Bwagiriza wanakumbuka kwamba mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilileta kule masanduku makubwa yanaitwa Ideas Box. Sanduku linafunguliwa, na ndani mnatoka vitabu, viti, skrini na tableti. Sisi hatuna uwezo wa kununua kitu kama kile. Lakini somo lake tulilishika: biblioteki si lazima iwe nyumba ya matofali. Inaweza kuwa sanduku lenye linafika mahali watoto wako.

Sasa tuangalie shule zetu zilivyo. Teritwari ya Fizi iko na sekta nne: Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja. Katika kila sekta kuna shule za serikali zisizo za dini, kuna za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbangu na za Waislamu. Zote zinafuata programu moja na enspekta wa serikali, lakini kila dini iko na ofisi yake ya kusimamia shule zake. Kitabu kikitolewa kwa shule ya kanisa fulani, kinaandikwa kwenye mali za kanisa lile na hakitoki tena. Shule ya jirani, hata kama ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu, haitakiona. Hakuna mtu mbaya hapo. Ni namna karatasi zinavyotaka.

Na ndani ya shule yenyewe mambo yanakwenda hivi. Vitabu vinafika, vinapokelewa kwa furaha, picha zinapigwa. Kisha direkta anavihesabu, anaviandika kwenye daftari la vifaa, anavifungia ofisini. Watu wanasema direkta ni mchoyo. Hapana. Direkta anajua siku moja atapewa mutasio aende shule nyingine, na siku ile kutakuwa remise-reprise. Yule anayeingia atahesabu viti, mbao, chaki, na vitabu. Kikikosekana kimoja, jina lake ndilo linaandikwa. Lakini kama vitabu vyote viko, vipya, bila hata alama ya kidole, ataitwa mtunzaji mzuri. Ndiyo kusema mpango wenyewe unamlipa direkta kwa vitabu visivyosomwa! Kila kitabu anachoazimisha ni hatari kwake, na hakuna faida yoyote inayomrudia.

Upande wa mzazi ni vilevile. Shule ikisema mtoto akipoteza kitabu mzazi atalipa, mama mwenye kuuza mihogo sokoni atafanya nini? Atamwambia mtoto: usilete kitabu hapa nyumbani. Na iko haki. Nyumba inavuja, wadogo wako watano, taa hakuna, panya wako wengi. Faini ya kitabu kimoja ni chakula cha siku kadhaa. Basi mtoto anatii mama, na kitabu kinabaki salama, na mtoto anafika mwaka wa sita bila kusoma ukurasa mzima kwa sauti.

Ndugu, hapo ndipo penye shida yetu. Upungufu wa vitabu uko, hatuukatai. Lakini hata vile vichache viko kifungoni, kwa sababu hakuna anayeweza kubeba hasara yake. Direkta anaogopa, mzazi anaogopa, mwalimu anaogopa. Kiti kikivunjika ni hasara. Kitabu kikichakaa mikononi mwa watoto, kimefanya kazi yake, sawa na sabuni inayoisha kwa kufua.

Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza ni hili. Vitabu vibaki mali ya chama. Shule inaazimwa tu, haipewi. Tutaandika karatasi moja na kila shule, na nakala iende kwenye ofisi ya sous-division na kwa ofisi ya dini inayohusika, ikisema wazi: vitabu hivi havihesabiwi katika remise-reprise, na kitabu kikichakaa au kikipotea kwa kusomwa, si deni la direkta wala la mzazi. Ni deni la chama. Tutalilipa kwa michango yetu, kila mwaka, sawa vile tunavyolipia sanda na mbao za msiba. Ndiyo maana ya chama cha kusaidiana: hofu yenye ni nzito kwa mtu mmoja inakuwa nyepesi kwa wengi.

Pendekezo la pili ni namna ya kuvitembeza. Ninyi mama zetu mnajua likelemba kuliko sisi. Kila mtu anatoa kidogo, na kila mmoja kwa zamu yake anapata kingi. Vitabu navyo vinaweza kufanya likelemba. Tuchukue shule tano zenye ziko kwenye barabara moja. Tutengeneze masanduku matano ya mbao, ndani bati, mchwa na panya wasiingie. Kila sanduku vitabu 60, na hakuna masanduku mawili yenye vitabu sawa. Mwaka wa shule ni kama miezi 10. Kila miezi miwili sanduku linahamia shule inayofuata. Mwisho wa mwaka kila shule imepitiwa na masanduku matano, ndiyo kusema vitabu 300. Kama tungegawa vile vitabu 300 kwa shule zile tano moja kwa moja, kila moja ingebaki na 60 tu, miaka yote, mpaka watoto wavichoke.

Kuhamisha sanduku ni pikipiki moja na kamba. Wakati wa mvua mito ikijaa tutangoja, sanduku linabaki pale lilipo wiki mbili zaidi, hakuna aliyekufa. Na tuseme pia neno ambalo hatupendi kulisema: huku kwetu risasi zinarudi. Shule zinakuwa malazi ya waliokimbia, madawati yanakuwa kuni. Kabati kubwa halikimbii. Sanduku lenye mishikio miwili, watu wawili wanalibeba.

Sasa nani atalilinda? Mwalimu wa darasa hana nafasi. Katika shule zenye zinafundisha asubuhi na mchana, anatoka jasho tu. Tunaomba kila shule iwe na mtunzaji mmoja, kijana au mama wa pale kijijini, aliyemaliza shule, mwenye sauti nzuri ya kusoma, asaidiwe na wanafunzi wawili wa darasa la juu. Atafungua sanduku siku mbili kwa wiki. Atakuwa na kaye moja yenye safu tano: jina la mtoto, darasa, namba ya kitabu, siku kilipotoka, siku kiliporudi. Basi. Mtoto aliyerudisha kitabu kimechanika hatalipa franga. Atakaa na mtunzaji, ajifunze kukishona na kukibandika. Mafundi wetu wa cherehani wako tayari kutoa vipande vya kitambaa kwa majalada.

Mtunzaji lazima apate motivasio kidogo kila mwezi. Itoke wapi? Isitoke kwa watoto. Tangu mwaka wa shule ulioanza mwezi wa 9 mwaka 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali, hata zile za makanisa, ni bure, vile Katiba ya 2006 inavyosema katika kifungu cha 43. Tusirudishe michango kwa mlango wa nyuma, tukiiita ya biblioteki. Chama ndicho kilipe.

Kuhusu vitabu vyenyewe, tuseme wazi kwa marafiki wa mbali. Katoni ya vitabu vya Kiingereza, au ensiklopedia za zamani sana, inagharimu pesa nyingi kuvuka bahari na ziwa, kisha inalala. Mtoto wetu anahitaji nini? Sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 inataka lugha za taifa au lugha za mazingira zitumiwe kufundishia, na Kiswahili ni moja kati ya zile nne za taifa. Basi kwa wadogo tunataka hadithi fupi za Kiswahili, herufi kubwa, picha nyingi. Kwa mwaka wa tano kwenda juu tunataka Kifaransa chepesi, juu mtihani unawangoja kwa Kifaransa. Tunataka kamusi. Tunataka vitabu vya kilimo, vya uvuvi, vya afya ya mama na mtoto, vyenye hata mzazi atavishika. Kwa sekondari, maswali ya zamani ya Examen d'État.

Vingine havihitaji kununuliwa. African Storybook ya Afrika Kusini iko na hadithi nyingi za Kiswahili zenye mtu yeyote anaruhusiwa kuchapisha bure, na hata kuzitafsiri. Kwa mashine ya kuchapa na karatasi, tunaweza kutengeneza vijitabu hapa hapa, na wazee wetu wakatusaidia kuzitia katika Kibembe na Kifuliiru. Mtoto aliyezaliwa kambini, anajua Kiswahili cha Kigoma lakini hajui vizuri lugha ya bibi yake, naye atafaidika.

Iko neno moja bado, na tunaomba mlisikie kwa moyo. Vitabu hivi si vya watoto wa waliorudi peke yao. Wale waliobaki hapa wakati sisi tuko kambini, waliteseka, pengine kutushinda. Walilala msituni, walizika watu bila jeneza. Tuliporudi walituona tunashuka melini na sufuria mpya na maturubai, na maneno yakaanza. Tukipeleka sanduku lenye limeandikwa kwamba ni la warudi tu, tutapanda tena mbegu ile. Shule tano za kwanza zichaguliwe kwa barabara na kwa uhitaji, si kwa kuhesabu wamo wana wa nani. Na shule ikipokea watoto wa wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda, nao waazime. Sisi tunajua mkimbizi anavyokaa dirishani akisikiliza wengine wanasoma.

Kwenu wafadhili, tunaomba mambo matatu. Mnapotusaidia, mtoe pia gharama ya kutembeza na kutunza, si ya kununua tu. Muache tununue karibu, Bukavu, Bujumbura au Kigoma, kadiri njia itakavyokuwa wazi. Na mnapotuuliza habari, msiulize vitabu vingapi viko salama. Ulizeni vimeazimwa mara ngapi. Tutawaonyesha kaye. Mkikuta kitabu kimechakaa, kimeshonwa mara tatu, jalada limebadilishwa, msihuzunike. Kile kipya kabisa ndicho cha kutuuliza kwa nini.

Kwenu wanachama, kura ya leo iko na mambo mawili. Moja, chama kikubali kubeba deni la vitabu vitakavyochakaa na kupotea, na kwa hilo tuongeze kiasi kidogo kwenye mchango wa kila mwezi. Komite haitaji kiasi. Mkutano wenyewe utakitaja, kila mtu akijua mfuko wake. Mbili, tuanze na shule tano tu, mwaka mmoja, kabla ya kwenda sekta nyingine. Wale wa Lulenge na Ngandja watasema wameachwa. Tunawaomba uvumilivu: likelemba yenye inaanza na watu wengi wasiojuana, inavunjika kabla zamu haijazunguka.

Mafundi mbao wameahidi kazi ya mikono kama chama kitanunua mbao na bati. Shule zinafungua mwezi wa 9. Masanduku yakiwa tayari kabla ya hapo, watoto wataanza mwaka navyo. Mwenye swali aulize sasa, mwenye kupinga apinge hapa hapa mbele ya wote, kisha tupige kura.