UMETOKA SAFARI? INGIA JIKONI

(Mada iliyozungumzwa mbele ya vijana na wazazi wao. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, wazee wetu na mama zetu, leo sitazungumza juu ya adabu za msikiti wala zakatul-fitri. Hayo mashekhe wetu wanayafafanua kila mwaka, na wanayajua kunishinda. Nataka kuzungumza na wewe kijana unayesoma au kufanya kazi mbali na kwenu, unayeomba ruhusa katikati ya Ramadhani upande basi uje ufunge japo siku chache na wazazi. Na nataka tuzungumze juu ya mchuzi. Ndiyo, mchuzi. Msicheke.

Hebu tuitazame hiyo safari yenyewe. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni kama kilomita 480. Treni ya reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na imewapunguzia wengi taabu, lakini siku unayoitaka mara nyingi utaambiwa nafasi zimejaa, basi unarudi kwa mabasi. Daku umeila kwa haraka, chai na mkate, huku unatazama saa. Mtito Andei gari linasimama, watu wanashuka kula, harufu ya nyama choma inakuja mpaka dirishani, nawe umekaa umeegemeza kichwa kwenye kioo. Voi jua limekuwa kali. Mariakani mmekwama nyuma ya malori. Ukifika nyumbani ni Alasiri, kichwa kinagonga, midomo imekauka, miguu imevimba, na vumbi limeingia mpaka masikioni.

Kabla sijaendelea, tusisahau kwamba msafiri amepewa ruhusa. Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Mola wetu amemruhusu mgonjwa na msafiri kula na kuzilipa siku hizo baadaye, na akabainisha kuwa anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, ni sharti safari iwe ndefu, kiasi cha kilomita 80 na zaidi, na uwe umeshaondoka mjini kwenu kabla ya alfajiri. Ukiwa na shaka muulize sheikh wako kabla ya kukata tiketi, usimuulize kondakta. Anayeweza kufunga bila ya kudhurika, afunge. Lakini aliyechukua ruhusa yake asichekwe.

SASA UMEFIKA

Umebisha hodi. Mama amefurahi, amekukumbatia, amekusifu kuwa umekonda. Halafu unafanya nini? Wengi wetu, na nasema wengi, tunatupa mkoba pembeni, tunasema "Mama, nimechoka, wallahi nimechoka," tunajinyoosha chini ya feni mpaka adhana ya Magharibi. Tukiamka futari iko mezani: viambazi, mbaazi za nazi, mahamri, sambusa, kachri, tambi, na juisi ya ukwaju.

Ni nani aliyekuwa amesimama tangu Adhuhuri mbele ya moto? Na yeye pia amefunga! Tena yeye hakukalia kiti cha basi, alikuwa wima. Ameongeza vyakula vitatu juu ya vya kila siku kwa sababu mtoto wake anakuja. Ameamka kabla ya sote kutayarisha daku. Mchovu wa safari anaonewa huruma, mchovu wa jikoni haulizwi.

Na kuna jambo jingine ambalo nitalisema hata kama baadhi ya ndugu zangu wa kiume watakunja uso. Kaka na dada wamekuja kwa basi moja. Wamekaa viti viwili vilivyopakana, wamepigwa na jua lile lile, wamefunga swaumu ile ile. Wakifika, kaka anaambiwa "kapumzike mwanangu," na dada anaambiwa "vua buibui uje unisaidie kukuna nazi." Hebu niambieni, hukumu hii tumeitoa katika kitabu gani? Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa katika kazi za kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Hakusema kuwa alikuwa akisubiri kuandaliwa. Basi kijana anayependa Sunna ya ndevu na ya kanzu fupi, na hii pia ni Sunna, ila ina moshi kidogo.

Najua mtaniambia, "Lakini mamangu hataki mtu jikoni kwake." Kweli, wako mama wa namna hiyo. Kwao jiko ni enzi, na ukigusa mwiko unaonekana umekuja kupindua serikali. Kwa huyo usiingie kwa nguvu. Omba ruhusa siku moja kabla, kwa simu. Mwambie: "Mama, kesho futari ya mchuzi niachie mimi. Wewe fanya uji tu, halafu ukae." Atakataa mara mbili, ya tatu atakubali. Na ukishaingia usianze kumpangia upya bizari zake!

MCHUZI WENYEWE

Nimechagua mchuzi wa boga, maharagwe na nyama kidogo, wenye tui la nazi. Wako watakaosema, "Maharagwe na nyama na nazi katika chungu kimoja? Hiyo ni githeri iliyopotea njia." Waacheni waseme, wataonja Magharibi.

Kwanza, huu ni mchuzi wa watu waliokutana. Wewe huko chuoni umekaa chumba kimoja na Mkamba, Mkikuyu na Mluhya, na umeona vile maharagwe yanavyoshibisha kwa pesa kidogo. Huku kwenu kuna nazi na bizari. Kutoka kwa Waarabu tunayo tharidi, yaani mkate uliokatwa vipande ukalowekwa kwa mchuzi wa nyama, chakula ambacho Mtume (s.a.w.) alikitaja kwa sifa. Bizari zetu nyingi zimevuka bahari kutoka Bara Hindi. Na usidhani nyanya na pilipili ni za mabibi zetu tangu zamani. Asili yake ni bara la Amerika, na zilianza kusambaa duniani baada ya mwaka 1492. Mreno Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, jiko la Mswahili halikuwa na nyanya hata moja! Kwa hivyo anayekuambia kuwa chakula kikichanganywa kinaharibika, muulize mchuzi wake wa nyanya aliutoa wapi.

Pili, ni boga. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa fundi mmoja wa kushona alimwalika Mtume (s.a.w.), akamletea mkate wa shayiri na mchuzi wenye mumunye na nyama iliyokaushwa. Anas akamwona Mtume (s.a.w.) akiyatafuta mapande ya mumunye pande zote za sahani, na tangu siku hiyo naye akawa anayapenda. Ukipata mumunye sokoni, tia mumunye. Ukikosa, boga ni jamaa yake.

Tatu, na hili ndilo kubwa, ni mchuzi unaomfaa msafiri. Maharagwe makavu yanataka kulowekwa masaa kama manane, na wewe utakuwa njiani muda huo huo. Piga simu alfajiri, mwambie mdogo wako aloweke kikombe kimoja na nusu. Wewe unakuja, na maharagwe nayo yanavimba.

Ukifika, oga, swali Alasiri kama hukuijumuisha na Adhuhuri njiani, kunja mikono ya kanzu. Una karibu masaa mawili na nusu. Maharagwe mwaga yale maji yaliyolowekea, tia maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika kumi nzima, kisha punguza moto mpaka yalainike. Hayo ya kuchemka kwa nguvu usiyapuuze, maharagwe mekundu yasiyoiva vizuri huumiza tumbo, tena vibaya. Usitie nyanya wala ndimu kabla hayajalainika. Ukali huyafanya yawe magumu, utapika mpaka taraweh.

Jiko la pili weka nyama nusu kilo, iwe na mifupa, pamoja na thomu, tangawizi ya kusaga, chumvi na maji ya kuifunika. Kama saa moja itakuwa laini. Nusu kilo kwa watu wanane inatosha. Kazi ya nyama hapa ni kutoa supu, kushiba kutatoka kwa boga na maharagwe. Siku hizi bei ya nyama mnaijua.

Wakati huo kaa juu ya mbuzi ukune nazi mbili. Mvulana aliyekuna nazi mbili akiwa na swaumu, kesho yake hataiita kazi ya jikoni kazi ndogo. Kamua tui la kwanza, zito, uliweke kando. Ongeza maji ya vuguvugu ukamue tui la pili.

Katika sufuria kubwa kaanga vitunguu viwili mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia jira kijiko kimoja cha chai na bizari ya manjano nusu kijiko, zikaange kidogo tu zisiungue, kisha nyanya nne zilizokatwa. Ziache zivunjike kabisa, mafuta yaanze kujitenga. Hapo mimina nyama na supu yake, maharagwe, na tui la pili. Yakichemka, tia boga lililokatwa vipande vikubwa, kama kilo moja. Vipande vidogo vitayeyuka. Pilipili tia nzima bila kuipasua, wazee watakushukuru. Boga likiiva, kama dakika ishirini, punguza moto, mimina tui zito huku unakoroga polepole upande mmoja. Usifunike, wala usiache litokote kwa fujo, tui litakatika na mchuzi utakuwa kama maziwa yaliyoganda. Dania juu, zima moto.

Na chumvi? Hapa ndipo swali linapokuja kila mwaka: naweza kuonja? Wanazuoni wamesema mpishi mwenye haja akionja kwa ncha ya ulimi kisha akatema, bila ya kumeza kitu, swaumu yake haiharibiki. Ila kama huna haja, acha. Mimi rai yangu ni hii: tia chumvi kidogo kuliko unavyodhani, weka chumvi na ndimu mezani, kila mtu ajirekebishie baada ya adhana.

Kwa ndugu zetu wa Mumias na pande zile ambako nazi ni shida, weka njugu karanga zilizosagwa mahali pa tui. Zikoroge kwanza na supu ya moto ndani ya bakuli ndipo umimine. Ni mchuzi mwingine kabisa, na ni mtamu. Na ndugu zetu Wasomali ambao kwao ambuulo ni chakula cha usiku, najua hamhitaji kufundishwa maharagwe na mtu yeyote.

ADHANA IKILIA

Tende, maji, na swala. Mtume (s.a.w.) alikuwa akifuturu kwa tende mbivu kabla ya kuswali, asipopata basi tende kavu, asipopata basi maji. Msafiri hasa asikimbilie sambusa. Mwili uliokauka kutwa nzima barabarani unataka maji kwanza, na ukiujaza mafuta ghafla utaiswali taraweh ukiwa umelala wima. Baada ya Magharibi ndipo ulete mchuzi. Chapati za jana zikate vipande, zipange kwenye sinia, mwagia mchuzi juu, acha dakika mbili zinywe. Mama akae. Wewe na dadako mpakue kwa zamu, na kakako mwingine anayetazama simu mpe kazi ya kuosha sahani. Mama akisema "chumvi haikufika," mpe chumvi, usijitetee.

Na kabla hamjala, toa bakuli moja. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba akipika mchuzi azidishe maji na awakumbuke majirani zake. Maharagwe na boga vinastahamili maji, ndiyo maana nasema huu ni mchuzi wa Ramadhani. Mpelekee yule mzee wa jirani anayefuturu peke yake kwa sababu watoto wake hawakupata nafasi ya kuja mwaka huu. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Atakuuliza umefika lini, na njia ilikuwaje, nawe kaa kidogo umsimulie.

Jambo la mwisho, linahusu daku. Chakula chenye nazi hakilali kwa joto letu, huchacha upesi. Kwa hivyo kabla ya kumimina tui lolote, gawanya nyama na maharagwe ya daku katika sufuria ndogo. Yakipoa yaweke kwenye friji. Saa kumi usiku utayachemsha vizuri na kuyatia tui jipya kama nazi imebaki, au utayala hivyo hivyo na mkate. Na mama akiamka akute moto umeshawashwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.