Kila Nyumba Tunayojenga Itoe Fundi



Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, kaulimbiu ya TANU ilikuwa "Uhuru na Kazi". Leo tunaomba tuzungumze habari ya kazi, hasa kazi ya mikono.

Wengi wetu humu ukumbini tuna nyumba inayojengwa nyumbani, na wengi tuna malalamiko. Lipu imepasuka, maji yanatuama bafuni, nyaya zimepitishwa ovyo. Tunatikisa kichwa: "Mafundi wa siku hizi!" Hatujiulizi walifundishwa na nani.

Katika nyumba hizo hizo yupo kijana anayeitwa saidia fundi. Anachanganya zege, anabeba matofali, anachota maji. Jioni anapewa posho yake, lakini mwiko haushiki. Miaka inapita hivyo. Siku fundi wake akihama, naye anajiita fundi, na nyumba inayofuata anaifanya ya kujifunzia. Huenda ikawa yako au yangu.

VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo vya ufundi. Lakini chuo kikiwa mbali, kijana wa kijijini hukwama hata kabla ya ada: atalala wapi, atakula nini, na nyumbani nani ataleta unga? Hata hivyo, VETA pia huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa cheti wanaofaulu. Kwa hiyo darasa linaweza kuwa pale pale kijijini, kwenye msingi wa nyumba yako.

Hapa England tunauona uanagenzi kwa macho yetu. Kijana wa kuanzia miaka 16 anakuwa na mkataba, analipwa mshahara, anajifunza kazini na kutengewa muda wa masomo, wala halipi ada ya mafunzo. Tunao watoto wetu katika njia hiyo. Tuseme ukweli: aliye chuo kikuu tunamtambulisha kwa wageni kwa sauti, anayejifunza umeme tunasema "bado anajipanga". Wanetu, mtusamehe. Ninyi mmeshajipanga.

Basi tunapendekeza kila mwanajumuiya anayejenga nyumbani aweke mambo manne katika mapatano na fundi wake.

Kwanza, achukue mwanagenzi mmoja wa hapo hapo kijijini au mtaani, wa kike au wa kiume, aliyetimiza miaka 18. Apewe buti, glavu na kofia ngumu.

Pili, kijana alipwe posho yake kama kawaida, na fundi aongezewe kidogo kwa kufundisha. Fundi huogopa kumfunza atakayemnyang'anya wateja. Tusimtake afundishe bure.

Tatu, kila wiki kuwe na somo: kusoma ramani, kupima pembe ya msingi kwa 3, 4 na 5, kutumia timazi na pima maji, kukadiria saruji na mchanga. Sisi hudai picha za nyumba kila Jumapili. Tudai na picha ya ukuta aliojenga kijana mwenyewe.

Nne, nyumba ikiisha, tumlipie gharama za kupimwa VETA, na tumwachie vifaa vyake: mwiko, timazi, pima maji, futi na nyundo. Akihitaji muda zaidi, mwenzetu anayeanza kujenga jirani ampokee.

Kazi itachelewa kidogo, na gharama itapanda kidogo. Lakini tayari tunalipia ujinga kila tunapobomoa ukuta na kuujenga upya.

Nyumba tutaiacha, hata kama hatutarudi kuishi ndani yake. Kijana atabaki na ujuzi, na ujuzi hauzeeki. Mwakani siku kama ya leo, kila anayejenga asimame hapa atuambie mwanagenzi wake amefikia wapi.

Uhuru na Kazi.