«May» si «will»: vitenzi vya Kiingereza kwenye karatasi zetu



Mulituomba tuseme juu ya vitenzi vya Kiingereza. Mutu anaweza kuuliza: hapa Vuhovi, Kiingereza cha nini? Nyumbani ni Kinande, sokoni Kiswahili, kwenye biro Kifaransa. Lakini wengi wenu mulirudi toka Uganda, toka Kyangwali, Nakivale ao Kyaka II, na karatasi zenu ni za Kiingereza. Na anayepitisha kahawa ao kakao Kasindi anakutana nacho pia.

Tuanze na vitenzi visaidizi, juu ndivyo vinavyotuumiza. Kwa Kiswahili wakati unakaa ndani ya neno: tulipokea, tutapokea. Kifaransa kinageuza mwisho wa neno. Kiingereza mara nyingi kinaweka kaneno kadogo mbele: «will receive». Sisi tuliosoma Kifaransa, jicho linakimbilia mwisho wa kitenzi, na kale kaneno ka mbele tunakaruka.

Mama mumoja alituletea barua aliyopewa kule kambini. Iliandikwa «you may receive». Yeye, na mwenye kumusomea, walisikia tu «receive», kupokea. Akauza mbuzi mbili apate usafiri wa kurudi kuchukua hizo feza. Hakukuwa kitu. Barua haikusema uongo: «may» maana yake inawezekana upokee, inawezekana usipokee. Kama ingekuwa «will», angekuwa na ahadi mkononi. Na «should» iko katikati: wanatazamia upokee, lakini hawajajifunga. Kwenye mikataba mutaona tena «shall». Hiyo ni wajibu. «The tenant shall pay»: mupangaji atalipa, hana namna ya kukwepa.

Sasa hii muishike sana: «You must not sign» na «You do not have to sign». Zote mbili ziko na «not», na Kifaransa chetu cha haraka kinazichanganya. Ya kwanza ni katazo: usitie sahihi. Ya pili inakuacha huru: si lazima utie sahihi, ukitaka utatia. Mutu akikupa kalamu huku akisoma ya pili kama vile ni amri, uko na haki ya kumuuliza.

Juu ya sanduku letu la akiba, kuna vitenzi viwili vingine. Kiswahili kinatumia mzizi mumoja, kukopa na kukopesha. Kiingereza kina maneno mawili mbalimbali: «borrow» ni kukopa, «lend» ni kukopesha. Watoto wanarudi wakisema «borrow me a pen», na kati yao wanaelewana vizuri. Lakini kwenye kitabu cha deni, ukigeuza hayo mawili, mwenye deni anakuwa mwenye kudai! Muandikaji aandike nani alitoa na nani alipokea, kwa majina.

Vile vitenzi vya kawaida vinavyopata «-ed» kwa wakati uliopita, na vile vya kichwa ngumu kama «go» inayokuwa «went», hatutakawia hapo. Watoto waliosoma Uganda wanavijua kutuzidi. Muwaite wawasomee, lakini muwaombe wasome kila neno, hata lile dogo, pasipo kufupisha.

Mwenye karatasi asiyoielewa ailete siku ya mkutano, kabla ya kutia sahihi ao kuuza kitu.

Nanyi wafadhili, ombi letu ni moja. Mukiwaandikia memba kwa Kiingereza, muongeze Kiswahili ao Kifaransa chini yake. Na pale munapoweka «may», museme wazi ni nini bado haijaamuliwa, na jibu litatoka tarehe gani.